Mwanga usiochapwa: jinsi ya kuisoma chapa ya tindikali ya Samuel Palmer

Ni alfajiri. Mtu amesimama kwenye geti la nyumba ya shamba, uso kauelekeza juu. Nyuma yake kuna paa na miti, na huko juu kabisa ndege mdogo, kipozamataza, anapanda angani huku miale ya jua linalochomoza ikipasua mawingu. Picha hii, iliyochapwa kwa bamba la shaba lililoliwa na tindikali, inaitwa The Skylark. Mwingereza Samuel Palmer aliianza mwaka 1850, mwaka aliopokelewa katika Etching Club ya London, chama cha wachoraji wa chapa za namna hii, na ikatolewa mwaka 1857 pamoja na chapa za wanachama wenzake kwa ajili ya Art Union of London, jumuiya iliyowagawia wanachama wake kazi za sanaa. Sehemu yenye mchoro ina urefu wa karibu sentimita 10 tu, ndogo kuliko kadi ya posta.

Hamna rangi nyeupe hata chembe ndani yake. Mwanga wote wa asubuhi ile ni karatasi tupu iliyoachwa wazi kati ya mstari na mstari. Palmer alikuwa na namna yake ya kulieleza jambo hili: aliandika kwamba katika chapa iliyokamilika kuna macho madogo elfu moja yenye nuru yanayochungulia katikati ya mistari. Utulivu wa picha hizi unakaa kwenye macho hayo. Yakizibika, asubuhi inakufa, hata kama mchoro wenyewe hauna kosa. Kwa hiyo kila hatua ya utengenezaji, kuanzia nta hadi karatasi, ni kazi ya kuyalinda, na kila kosa linaloweza kutokea huyashambulia kwa njia yake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa aina. Picha za kuchapwa za karne ya 19 zimegawanyika katika makundi makubwa matatu. Kuna zile za mbao iliyochongwa, ambapo wino hukaa juu ya sehemu zilizoachwa zimeinuka, kama muhuri wa mpira. Kuna za jiwe, zinazotegemea mafuta na maji kukataana. Na kuna za bamba la shaba, ambapo wino hukaa chini, ndani ya mifereji, na karatasi husukumwa kwa nguvu iingie kuufuata. Kundi hili la tatu lina ndugu wawili wanaochanganywa mno: bamba linalochongwa kwa patasi ya mkono, na bamba linaloliwa na tindikali. Kazi ya Palmer ni ya tindikali. Kwa kulinganisha, picha nyingi za zamani za Zanzibar zinazouzwa zikiwa kwenye fremu ni kurasa zilizokatwa kutoka magazeti kama The Illustrated London News na vitabu vya wasafiri, na hizo kwa kawaida ni za mbao. Muuzaji akikuambia zote ni kitu kimoja, anakupoteza.

Bamba huwa la shaba nyekundu, unene wa milimita 1.5 hivi, lililong'arishwa hadi lisiwe na mkwaruzo. Kingo zake hupigwa tupa kwa mshazari, kwa sababu kingo kali hukata karatasi na blanketi za mtambo wa kuchapia. Kisha bamba hutolewa mafuta kwa chaki iliyochanganywa na maji kidogo. Hapa wengi huharakisha. Kipimo ni rahisi: mwaga maji juu ya bamba, yakitanda sawasawa, ni safi, yakijikusanya matone, bado lina mafuta, na nta haitashika pale.

Utando wa kinga hutengenezwa kwa nta ya nyuki, lami na ulimbo. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu 2 za nta, 2 za lami na 1 ya ulimbo, vikayeyushwa na kuviringishwa donge. Bamba hupashwa moto kiasi cha kuyeyusha donge linapogusishwa, kisha nta hutandazwa kwa kigongeo cha ngozi au kwa rola mpaka iwe nyembamba na sawa. Likiwa bado na moto, hugeuzwa uso chini na kupitishwa juu ya moshi wa mishumaa myembamba iliyofungwa pamoja, hadi utando uwe mweusi unaong'aa. Ulimi wa mshumaa ukikaa sehemu moja muda mrefu, nta huungua na kupoteza mng'ao, na sehemu iliyoungua huachia tindikali ipite. Joto likizidi tangu mwanzo, matokeo ni hayohayo.

Mchoraji sasa anachora kwa sindano. Sindano haichongi shaba. Inaondoa nta tu, na mkono huenda kwa wepesi kama penseli. Lakini anachora kinyume mara mbili. Kwanza, kushoto kwake kutakuwa kulia kwenye karatasi, kwa hiyo mkulima anayeshika kitu kwa mkono wa kulia lazima achorwe akikishika kwa kushoto, na sahihi iandikwe kinyumenyume. Pili, mistari yake inang'aa rangi ya shaba juu ya weusi, yaani anaona mwanga pale patakapokuwa giza. Kwa msanii ambaye kazi yake yote ni kupanga mwanga wa alfajiri, hili ni gumu kuliko linavyosikika.

Halafu tindikali. Mgongo na kingo za bamba hupakwa vanishi, kisha bamba huzamishwa. Njia ya zamani ni asidi ya nitriki, kwa shaba takribani sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 2 au 3 za maji. Daima asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji kwenye asidi. Hula kwa kasi na kutoa mapovu juu ya mistari. Povu likikaa, chini yake asidi haifiki na mstari unakatika vipandevipande, ndiyo maana wachapaji walikuwa na unyoya wa ndege wa kuyafagia. Mvuke wake wa rangi ya kahawia ni sumu na unahitaji hewa inayopita. Njia ya pili iliyopendwa karne ile ni mchanganyiko wa Kiholanzi: kwa ujazo wa 100, sehemu 10 za asidi hidrokloriki, 2 za klorati ya potasiamu na 88 za maji. Huu hautoi mapovu, unakwenda polepole, na unachimba kwenda chini zaidi ya kutanuka pembeni, lakini nao hutoa gesi ya klorini wakati wa kuuandaa. Siku hizi karakana nyingi hutumia kloridi ya feri kwa sababu haina mvuke mkali. Hali ya hewa nayo ina neno lake: joto huharakisha asidi yoyote, kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye kitabu cha Uingereza, kwa chumba cha nyuzi 15, utaharibu bamba Dar es Salaam kwenye nyuzi 30.

Giza na mwanga vya picha hupangwa kwa muda. Bamba lote huzamishwa dakika chache, kiasi cha kushika mistari hafifu ya anga na vilima vya mbali. Linatolewa, linaoshwa, linakaushwa, na sehemu hizo zinafunikwa kwa vanishi ili zisiendelee kuliwa. Linarudishwa, sasa ni zamu ya miti ya katikati. Linatolewa tena, linafunikwa tena. Mwishoni zimebaki sehemu za mbele zenye kivuli kizito, ambazo zinaweza kukaa saa nzima au zaidi. Mstari uliokaa dakika tano ni mfereji wa kina kifupi unaobeba wino kidogo, nao huchapa kijivu. Uliokaa saa moja huchapa mweusi wa usiku. Msanii anaweza pia kupaka utando mpya unaoonyesha kilicho chini yake, akachora mistari ya ziada juu ya ile ya kwanza, na kurudia mzunguko mzima. Palmer alifanya hivyo kwa uvumilivu wa ajabu. Alisema shughuli hii ni mchanganyiko wa mkono, kemia na hesabu, na kwamba ina msisimko wa kamari bila dhambi wala hasara yake.

Hesabu yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa maana hapo ndipo macho ya mwanga hupona au hufa. Chukua mistari minne iliyochorwa ndani ya milimita moja. Kila mstari pamoja na ukuta wa shaba ulio pembeni yake vinagawana robo ya milimita. Sindano imefungua upana wa milimita 0.1, hivyo ukuta una 0.15. Asidi inapochimba chini, inatanuka pia pembeni, kila upande. Mstari ukifika upana wa 0.2, ukuta umebaki 0.05. Ongeza dakika chache, ukuta unaanguka. Badala ya mifereji minne yenye kuta, sasa una shimo moja pana lenye sakafu tambarare. Na shimo pana halishiki wino: kitambaa cha kufutia kinaingia na kuuondoa. Kwa hiyo sehemu iliyokusudiwa kuwa nyeusi kuliko zote hutoka doa la kijivu, limezungukwa na ukingo mweusi. Anayeanza hushangaa: amezidisha asidi ili apate weusi, akapata weupe uliochafuka. Kwa Palmer hatari hii ilikuwa kubwa kuliko kwa wengi, maana alijaza bamba zima kwa mistari iliyobanana, hata anga, akaacha vipenyo vidogo tu. Wengine wa wakati wake, kama mchoraji wa chapa Seymour Haden, walipendelea mistari michache na nafasi pana, na waliona kazi nzito namna hii kuwa kinyume cha asili ya sindano. Tukitazama The Skylark au The Early Ploughman, ni vigumu kukubaliana nao.

Kosa la pili ni kuliwa ovyo: vitone vidogo vinavyojitokeza angani kwa sababu utando wa nta ulikuwa na vumbi, mafuta au uliungua. Kwenye kivuli hakuna atakayeviona. Kwenye anga tulivu vinaonekana kama nzi. Dawa yake ni kusugua kwa chuma laini chenye mafuta mpaka kitone kijae. Mstari wenye kina unahitaji kukwanguliwa kwanza kwa kikwanguzi cha pembe tatu, na hapo bamba linabaki na bonde. Bonde lisipoinuliwa, litashika wino na kuchapa wingu chafu. Basi mtengenezaji hupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia chenye mikono iliyopinda, huweka alama mgongoni mwa bamba, na kugonga kwa nyundo juu ya fuawe hadi uso urudi usawa wake.

Baada ya kila marekebisho makubwa, huchapwa karatasi chache za majaribio. Ndipo linapozaliwa suala la hatua, linalowachanganya wengi. Hatua ni hali ya bamba, si ubora wa karatasi. Bamba likiongezwa au kupunguzwa hata mstari mmoja, nakala zitakazofuata ni za hatua mpya. The Herdsman's Cottage ya mwaka 1850, yenye machweo na nyumba ya mchungaji, ina hatua mbili tu. The Early Ploughman, mkulima na maksai wake alfajiri, ina tisa. Palmer aliishughulikia kwa miaka mingi kabla haijatoka kwenye kitabu cha Philip Gilbert Hamerton kuhusu chapa za tindikali mwaka 1868. Orodha ya mnada ikiandika V/IX, maana yake nakala hiyo ni ya hatua ya tano kati ya tisa zinazojulikana. Haina uhusiano na idadi ya nakala zilizochapwa.

Uchapaji wenyewe ni nusu ya picha. Wino ni unga mweusi uliosagwa kwenye mafuta ya kitani yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Bamba hupashwa moto kidogo, wino husukumwa ndani ya mifereji, kisha huanza kufuta: kwanza shashi ngumu kwa mizunguko, halafu shashi safi, mwisho kiganja kilichoguswa chaki. Ukifuta kwa pupa unatoa wino ndani ya mistari hafifu, na vilima vya mbali vinapotea. Ukifuta pungufu, utando wa wino unabaki juu ya kuta, na macho yote ya mwanga yanapata mtoto wa jicho. Karatasi nayo lazima iwe imelowekwa na kuachwa mpaka unyevu uenee, bila maji kung'aa juu. Karatasi kavu haiingii mifereji, mistari hutoka imekatikakatika. Iliyolowa mno huukataa wino. Bamba hulazwa uso juu, karatasi juu yake, blanketi mbili au tatu za sufu, kisha vyote hupitishwa kati ya rola mbili za chuma kwa mgandamizo mkubwa.

Kuna ujanja mmoja zaidi. Baada ya kufuta, mchapaji anaweza kupitisha shashi laini kwa wepesi juu ya bamba lenye moto, ikavuta wino kidogo kutoka ndani ya mistari na kuumwaga kandokando yake. Vivuli hulainika, ila ukizidi kidogo picha nzima inakuwa tope. Frederick Goulding, mchapaji mashuhuri wa London, alijulikana kwa ustadi wa mbinu hii. Katika miaka ya mwisho ya Palmer, mtambo uliwekwa nyumbani kwao Redhill, Surrey, na mwanawe Alfred Herbert akajifunza kuchapa. Palmer alipofariki tarehe 24 Mei 1881, aliacha mabamba manne ya mashairi ya wachungaji ya Virgil, mshairi wa Kirumi wa kale, hayajakamilika. Mwana aliyamaliza, na kitabu kikatoka mwaka 1883.

Je, mashamba ya Uingereza yalikuwa tulivu hivyo? La. Palmer aliishi Shoreham, Kent, kuanzia katikati ya miaka ya 1820 hadi katikati ya miaka ya 1830. Ni Kent hiyohiyo ambako mwaka 1830 vibarua wa mashamba walianza kuvunja mashine za kupuria nafaka zilizowanyang'anya kazi ya msimu wa baridi, na ghasia zikasambaa kusini mwa nchi. Sensa ya 1851, mwaka mmoja baada ya The Skylark kuanzwa, ilikuwa ya kwanza kuonyesha kwamba wakazi wa miji ya Uingereza wamewapita wa vijijini. Wanunuzi wa chapa hizi walikuwa watu wa mijini, na Palmer mwenyewe alizaliwa London. Alichukua utulivu kutoka kwa Virgil, kutoka kwa mshairi Mwingereza Milton, ambaye shairi lake la L'Allegro ndilo chanzo cha yule kipozamataza, na kutoka kwa michoro midogo ya mbao ya William Blake, mshairi na mchoraji mzee aliyekutana naye mwaka 1824. Aliuamini utulivu huo kwa imani ya dini, na kuuona uongo tu kwa sababu vibarua walikuwa na njaa ni kuisoma kazi yake nusu. Kuuchukua kuwa picha halisi ya kijiji cha 1850 nako ni kosa.

Ukipata karatasi mkononi, anza na kingo. Tafuta alama ya bamba, mbonyeo wa mstatili unaozunguka mchoro. Haitoshi peke yake, maana mbonyeo unaweza kutengenezwa baadaye, na karatasi za kale mara nyingi zimekatwa ndani yake. Kisha lenzi ya ukuzaji mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa safu, ni nakala ya kiwandani iliyotokana na picha ya kamera. Mstari wa tindikali una upana ulio karibu sawa kote, na ncha zake ni butu, huku mstari wa patasi ukivimba katikati na kuchongoka mwishoni. Elekeza taa kwa ubavu: wino wa chapa halisi umeinuka juu ya karatasi. Kukosekana kwa sahihi ya penseli kwenye chapa ya miaka ya 1850 si kasoro. Desturi hiyo ilienea baadaye.

Linganisha pia nakala na nakala. Shaba ni laini, na kila kufuta na kugandamiza huila. Mistari hafifu ya anga hutangulia kufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 mafundi wa Ufaransa walianza kulivika bamba utando mwembamba wa chuma kwa umeme, likaweza kutoa nakala nyingi zaidi bila kuchakaa. Hata hivyo bamba lililovikwa baada ya kuchoka hubaki limechoka. Angalia pale miale inapokutana na mawingu. Nakala nzuri itakuonyesha mistari myembamba isiyokatika, na kati yake vipenyo safi vya karatasi.

Mwenye chapa ya namna hii Mombasa, Tanga au Unguja ana adui ambaye mkusanyaji wa London hamjui vizuri. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu huota, na pwani yetu huupita mara kwa mara. Usiitundike kwenye ukuta wa nje wala karibu na bafu. Weka fremu yenye kadi isiyo na asidi inayoiachia nafasi kati ya karatasi na kioo, kwa sababu karatasi iliyogusa kioo hunata. Ishikilie kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu tu, ili ipate kutanuka na kusinyaa. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na jua la moja kwa moja lisiiguse kabisa: karatasi ikigeuka njano, hakuna mahali pengine popote pa kuutoa ule weupe.